Baba yuko ng'ambo, matunzo hayaji: tatizo limekwama wapi?

Amri ya matunzo ya mtoto ina nguvu ndani ya nchi iliyoitoa. Ikivuka mpaka inabaki karatasi mpaka mahakama ya huko iipokee na kuifanya yake. Hapo ndipo inapopotelea miaka ya watoto wengi. Mama anashinda kesi Mombasa au Dar es Salaam, anapewa amri yenye muhuri, anaipiga picha na kumtumia kwa WhatsApp baba mtoto aliye Manchester. Tiki mbili za buluu zinatokea, basi. Mwezi unaisha, karo inadaiwa, na mama anaanza kuamini kwamba sheria haina meno. Mara nyingi meno yapo. Kesi ndiyo iliyoanzia mahali pasipofaa, au amri iliandikwa kwa namna ambayo mahakama ya kule haiwezi kuipokea.

Kwa hiyo, kwa dalili yoyote kati ya hizi zifuatazo, anza na maswali yale yale: anayetakiwa kulipa anaishi wapi, analipwa na nani, na mali yake iko wapi? Majibu hayo ndiyo yanayochagua mahakama, hata kabla hujajua utaomba shilingi ngapi. Nasema "baba" kwa sababu mafaili mengi ndivyo yalivyo, lakini haya yote yanamhusu pia bibi anayelea mjukuu, na baba anayelea peke yake huku mama yuko ng'ambo.

## Amri ninayo, muhuri upo, pesa haziji

Kabla ya kufikiria London au Dallas, tazama nyumbani. Wengi walio nje wamenunua viwanja Kitengela, Mtwapa, Kigamboni au Bagamoyo. Wana nyumba za kupangisha, gari la biashara lililo mikononi mwa ndugu, au hisa kwenye kampuni. Amri iliyotolewa Kenya inakazwa, yaani inatekelezwa kwa nguvu ya mahakama, dhidi ya mali iliyoko Kenya bila kumwomba ruhusa mtu yeyote wa Uingereza, na Tanzania ni vivyo hivyo. Malimbikizo ya matunzo ni deni la mahakama. Wakili anaweza kuomba mali ikamatwe, au kodi ya wapangaji ielekezwe kwa mtoto.

Kazi iko kwenye kuthibitisha kwamba mali ni yake. "Kila mtu mtaani anajua ile nyumba ni yake" si ushahidi. Kenya, fanya upekuzi wa ardhi kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kama rekodi za eneo hilo zimeshaingizwa, au nenda ofisi ya ardhi ya kaunti. Wenye hisa wa kampuni wanaonekana kwenye hati ya CR12. Tanzania, upekuzi unafanyika kwa Msajili wa Hati. Ukikuta kiwanja kimeandikwa jina la mama yake au la kaka yake, usitumbukize pesa za wakili hapo isipokuwa una ushahidi wa wazi kwamba yeye ndiye aliyelipia.

Kisha kuna Desemba. Mtu asiyelipa matunzo huja nyumbani kwa likizo, harusi na mazishi kama watu wengine. Mahakama iliyotoa amri inaweza kumwita aje aeleze kwa nini asipelekwe jela ya madai. Kama maombi yako yameshaandaliwa kabla ndege haijatua, wiki tatu za likizo zinatosha. Ukisubiri umwone kwanza kwenye harusi ndipo uanze kutafuta wakili, atakuwa ameshapanda ndege kurudi.

Kama hana mali hapa wala haji, ndipo itabidi amri ivuke mpaka. Mengine yote katika mwongozo huu ni juu ya safari hiyo.

## Child Maintenance Service imenijibu kwamba haihusiki

Jibu hili linawavunja moyo wengi, na haliko hata kidogo juu ya haki ya mtoto wako. Ofisi hiyo ya Uingereza imeundwa kushughulikia familia ambazo mtoto, mlezi na mlipaji wote makazi yao ni Uingereza, pamoja na walipaji wachache waliotumwa kazini nje na serikali ya huko au na kampuni za huko. Mtoto anayeishi Kisumu au Tanga yuko nje ya mamlaka yake. Usiandike rufaa, wala usimwombe binamu aliye Birmingham akapige foleni kwa niaba yako.

Njia yako ni ile ya mahakama kwa mahakama, inayojulikana kwa kifupi REMO. Kwa sheria ya Uingereza ya 1972, Kenya na Tanzania Bara zimo kwenye orodha ya nchi ambazo amri zake za matunzo hupokelewa. Uganda na Zanzibar zinapokelewa kwa sheria ya zamani zaidi, ya 1920. Ndiyo maana mtu wa Unguja asikubali hati yake iandikwe tu "Tanzania": ionekane wazi kwamba imetoka mahakama ya Zanzibar, la sivyo itafunguliwa chini ya sheria isiyo yake. Kwa England na Wales, mafaili hupokelewa na kitengo cha REMO kilicho katika ofisi ya Official Solicitor, London. Scotland na Ireland ya Kaskazini zina ofisi zao. Mtu aliye Glasgow faili lake lisipelekwe London.

Lakini wewe huanzii London. Unaanzia mahakama ya kwako. Kenya ina Sheria ya Ukazaji wa Amri za Matunzo, Sura ya 154, iliyotungwa kwa kazi hiyo, na ombi lenyewe la matunzo linasimama juu ya Sheria ya Watoto ya 2022. Tanzania Bara, ombi linasimama juu ya Sheria ya Mtoto ya 2009, na ofisa ustawi wa jamii wa wilaya ni mtu wa kumwona mapema kwa sababu ripoti yake inatembea na faili. Siku ya kwanza tu mwambie karani kwamba mlipaji anaishi Uingereza na kwamba unataka amri itakayopelekwa huko. Makarani wengi hawajawahi kushika faili la aina hii. Ukiambiwa "hakuna kitu kama hicho", usibishane dirishani. Omba kwa adabu kuonana na hakimu au naibu msajili, na uwe umeandika jina la sheria kwenye karatasi.

## Mahakama imenipa amri, kisha wananiambia bado haina nguvu

Hapa kuna mambo mawili yanayochanganywa.

Kama baba alikuwa hapa, akaitwa, akafika au akakaidi kufika, mahakama ilitoa amri ya kawaida. Kisha akaondoka. Amri hiyo hupelekwa Uingereza kusajiliwa, na ikisajiliwa inakazwa kama vile imetolewa na mahakama ya huko.

Kama alishaondoka kabla hujafungua kesi, mahakama inaweza kusikiliza upande wako peke yako na kutoa amri ya awali. Amri ya awali haina nguvu popote, hata hapa nyumbani, mpaka mahakama ya kule alipo imwite, imsikilize, na kuithibitisha. Inaweza kuithibitisha ilivyo, kupunguza au kuongeza kiwango, kukataa, au kurudisha faili ikitaka ushahidi zaidi. Ukiwa na amri ya namna hii halafu ukaenda kukamata gari la baba mtoto Nyali, ni lazima ukataliwe.

Sasa, kwa sababu baba hakuwepo, maandishi ndiyo yatakayokusemea mbele ya hakimu ambaye hatakuona. Sheria hizi za mtindo wa 1920, ambazo Sura ya 154 ya Kenya ilizifuata, zinadai mambo mahususi. Ushahidi wa kila shahidi uandikwe, asomewe, kisha autie sahihi. Mahakama iambatanishe maelezo ya hoja ambazo mlipaji angeweza kuzitoa kama angeitwa. Na pawe na taarifa za kumtambua.

Chukua faili la mama wa Kisauni ambaye baba wa mtoto wake anaishi Luton. Faili lililoandaliwa vibaya lina amri ya ukurasa mmoja, nakala hafifu ya cheti cha kuzaliwa, na mstari usemao "matumizi ya mtoto, KSh 40,000 kwa mwezi". Hakimu wa Luton atajiuliza elfu arubaini hizo ni za nini, na baba atakayesimama mbele yake atasema ni za mama. Faili lililoandaliwa vizuri lina jedwali: karo kwa muhula na risiti zake, kodi ya nyumba na sehemu inayomhusu mtoto, chakula, usafiri wa shule, sare, matibabu na kadi ya kliniki. Kando ya kila mstari pana namba ya kiambatisho. Lina picha ya baba iliyoandikwa nyuma na kutiwa sahihi na mama. Lina jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti pamoja na majina anayotumia, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya sasa na ile ya kabla yake, mwajiri, na namba ya simu anayopokea. Lina picha za skrini za mazungumzo ambamo anamwita mtoto "mwanangu", zenye tarehe. Kila karatasi ya mahakama ina muhuri na maneno ya kuthibitisha kwamba ni nakala halisi. Maelezo ya Kiswahili yametafsiriwa kwa Kiingereza na mtafsiri aliyeapa.

Kuliandaa kunachosha. Lakini mafaili ya namna ya kwanza ndiyo yanayorudi, na kila kurudi kunakula miezi ambayo mtoto anaendelea kula na kukua.

## Faili lilipelekwa, mwaka unaisha, kimya

Usianze kuilaumu London. Anza kwa kuuliza kama faili limetoka hapa. Kati ya mahakama yako na Uingereza pana ofisi za serikali zinazopitisha hati, na faili hulala mezani humo kwa urahisi sana. Omba tarehe na kumbukumbu namba ya barua iliyolisindikiza. Kama hakuna anayeweza kukuonyesha barua hiyo, una jibu lako: faili bado liko nchini. Ukiwa nayo, andika kwa ofisi iliyopokea, taja kumbukumbu, uliza limefikia hatua gani. Waraka mfupi, wa heshima, wenye namba, hujibiwa. Malalamiko ya kurasa nne hayajibiwi.

Sababu ya pili ni anwani. Mahakama ya kule haiwezi kumwita mtu asiyejulikana anakoishi. Watu wa ughaibuni huhama, wanapanga chumba kwa rafiki, wanatumia anwani ya mtu mwingine kwa barua. Mwajiri ni wa thamani kuliko anwani ya nyumbani, kwa sababu mtu huhama chumba haraka kuliko anavyohama kazi. Picha ya Facebook akiwa na sare ya kampuni ya usafirishaji, tangazo la kikundi cha kijamii cha Wakenya wa mji fulani ambalo limemtaja kama mweka hazina, jina lake kwenye rejista ya wauguzi iliyo wazi kwa umma: vyote hivi vinasaidia. Kuingia kwenye barua pepe yake au kumrubuni kwa akaunti bandia hakusaidii, na kunaweza kukugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

Sababu ya tatu ni faili lililorudishwa kwa ushahidi zaidi bila wewe kuambiwa, pengine kwa sababu ulibadilisha namba ya simu. Kila ukibadilisha namba, iandikishe mahakamani upya.

## Yuko Marekani

Hapa njia ya REMO haipo. Kenya na Tanzania hazimo kwenye orodha ya nchi zilizopatana na serikali kuu ya Marekani juu ya matunzo, wala hazimo katika Mkataba wa Hague wa Novemba 23, 2007, ambao ulianza kutumika Marekani Januari 1, 2017. Ofisi ya matunzo ya jimbo ikikwambia kwamba nchi yako haimo, inakwambia ukweli. Ila huo si mwisho.

Majimbo yote ya Marekani yamepitisha sheria moja inayoitwa UIFSA. Chini yake, mlezi anayeishi nje ya Marekani anaweza kufungua ombi moja kwa moja katika mahakama ya jimbo analoishi baba. Mambo matatu ndani ya sheria hiyo hayajulikani vya kutosha huku kwetu. Mwombaji hatakiwi kulipa ada ya kufungua. Mwombaji aliye nje ya jimbo anaruhusiwa kutoa ushahidi kwa simu au video, kwa hiyo habari ya viza haipo. Na kufungua ombi la matunzo hakukuweki chini ya mamlaka ya mahakama hiyo kwa mashauri mengine: baba hawezi kulitumia ombi lako kama mlango wa kukuletea kesi ya malezi humo humo. Hofu hii ya mwisho imewanyamazisha akina mama wengi bila sababu.

Ukiwa na amri ya nyumbani na unataka Marekani iitambue, kuna mtego mmoja mkubwa. Mahakama za Marekani huuliza kama mahakama iliyotoa amri ilikuwa na mamlaka juu ya baba mwenyewe. Mtoto kuishi Nairobi peke yake hakutoshi. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilishikilia msimamo huo 1978 katika kesi ya Kulko. Kinachotosha ni uhusiano wa baba na mahali: aliwahi kuishi huku na mtoto, mimba ilitungwa huku, alikuwa huku akitoa matumizi, alimleta au kumwacha mtoto huku kwa uamuzi wake, au alifika mahakamani na kujibu. Kama moja ya hayo ni kweli, hakikisha limeandikwa ndani ya hukumu yenyewe. Wakili wa nyumbani huliacha kwa sababu hapa halina ubishi. Kule ndiko kesi inakosimama au kuanguka.

Na wito? Kanuni za Kenya tangu 2020 zinaruhusu hati kufikishwa kwa barua pepe na kwa ujumbe wa simu. Kwa mtu aliye nje, pata kwanza ruhusa ya mahakama ya kumfikishia hati nje ya nchi, na pamoja na WhatsApp mtumie pia kwa njia inayotoa uthibitisho kwamba amekabidhiwa mkononi. Amri iliyopatikana bila baba kujua ni rahisi sana kupinduliwa.

Kwa upande wa ukazaji, Marekani ina nguvu ambayo sijaiona kwingine. Amri ikishasajiliwa, makato huenda moja kwa moja kwa mwajiri. Deni likizidi dola 2,500 katika shauri linaloshughulikiwa na ofisi ya jimbo, mdaiwa hunyimwa pasipoti ya Marekani. Aliye na kadi ya kijani na anayetaka uraia huulizwa kuhusu watu anaopaswa kuwatunza, na kukataa kwa makusudi kuwatunza kunamharibia sharti la tabia njema. Mambo haya yafanyike kupitia ofisi na mahakama. Ukimwandikia "tuma pesa au nakuharibia makaratasi", umempa yeye kesi.

Akiwa askari wa Jeshi la nchi kavu la Marekani, kuna kanuni AR 608-99 inayomlazimu kutunza familia yake, na malalamiko hupelekwa kwa kamanda wake. Kwa mtoto wa nje ya ndoa, utatakiwa kuwa na uamuzi wa mahakama kwamba yeye ndiye baba.

## Anamkana mtoto

Kikatiba, Kenya haina utata: Ibara ya 53 inawapa baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au la. Na tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2016, mama asiyeolewa ana nafasi ya kuandikisha jina la baba kwenye cheti. Lakini jina kwenye cheti ni mwanzo wa ushahidi tu, na hakimu wa nje akisikia mtu anakana ataagiza DNA.

Usinunue kifurushi cha kupima nyumbani. Mahakama inataka kujua nani alichukua sampuli, alithibitishaje kwamba aliyepimwa ndiye huyo, na nani aliishika mpaka maabara. Tanzania, vipimo hivi viko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Uingereza, mahakama inapoagiza kipimo hutumia maabara zilizoidhinishwa na Wizara ya Sheria ya huko, ambazo hupanga sampuli ya mtoto ichukuliwe huku. Mwambie hakimu wako mapema kwamba uko tayari wewe na mtoto kupimwa, na liandikwe kwenye ushahidi. Anayekana kisha akakataa kupimwa, mahakama inaweza kukichukulia kimya chake kama jibu.

Hata asiyejulikana jina kamili anaweza kupatikana. Watoto waliozaliwa na askari wa Uingereza waliokuja mafunzoni Nanyuki waliambiwa kwa miaka kwamba haiwezekani. Baadhi yao sasa baba zao wametambuliwa kwa kulinganisha DNA na za ndugu waliomo kwenye kanzidata za ukoo, na mahakama ya London imethibitisha ubaba.

## Anafanya kazi Umoja wa Mataifa, anasema ana kinga

Nairobi hili linasemwa sana, na wengi huliamini. Kinga ya shirika haimwondolei mtumishi wajibu kwa mwanawe. Katibu Mkuu alitoa waraka ST/SGB/1999/4 unaohusu mambo haya hasa: mtumishi anatakiwa atii amri halali za mahakama juu ya familia yake, na asipotii, shirika linaweza kukata kwenye mshahara wake na kumlipa mlezi. Ukiwa na amri ya mwisho, isiyo na rufaa, peleka nakala iliyothibitishwa kwa ofisi ya rasilimali watu ya shirika lake, pamoja na ushahidi kwamba hajalipa. Usiitaje polisi. Andika barua fupi, taja namba ya waraka.

## Yuko Ghuba

Hapa lazima niseme wazi: hakuna njia ya kutuma amri kutoka mahakama ya Kenya au Tanzania na kutegemea itakazwa yenyewe. Nchi za Kiarabu zina makubaliano yao ya Riyadh ya 1983 ya kukaziana hukumu, na sisi hatumo. Kinachobaki ni kufungua shauri katika mahakama ya huko kupitia wakili wa huko, na hati ya ndoa na cheti cha mtoto viwe vimetafsiriwa kwa Kiarabu na kupigwa mihuri na wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Palipo na ndoa ya Kiislamu yenye hati, mahakama hizo zinaujua wajibu wa baba kwa wanawe vizuri, na madai yana mguu wa kusimamia. Hati ya ndoa kama iko kwa sheikh tu na haijasajiliwa, isajili kwanza.

Kama hapakuwa na ndoa, na hasa kama wewe mwenyewe bado uko huko kikazi, usiende polisi wala mahakamani kabla ya kuongea na wakili. Katika baadhi ya nchi hizo, kudai matunzo ya mtoto wa nje ya ndoa ni kukiri kosa la jinai. Rudi nyumbani kwanza.

## Yuko nchi jirani

Hili ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Mama wa Tanga ambaye baba mtoto yuko Mombasa apande basi, afungue ombi katika mahakama ya watoto Mombasa. Katiba ya Kenya haikusema mtoto awe Mkenya. Kwa aliye Congo au Burundi, ambako sheria zimetoka kwa Wabelgiji, tafuta wakili wa huko. Hati zako za Kiingereza zitahitaji Kifaransa.

## Pesa zilikuwa zinakuja, zikapungua au zikakatika

Tafuta kwanza sababu ya kawaida: amebadilisha kazi na makato hayajamfuata. Toa taarifa kwa mahakama iliyosajili amri.

Kama kiwango kimepitwa na wakati, omba kibadilishwe. Amri haikui yenyewe. Tanzania Bara, kabla ya sheria ya 2009, mtoto wa nje ya ndoa alikuwa amewekewa ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na ukomo huo ulibaki hapo hapo huku shilingi ikishuka miaka nenda miaka rudi. Ukiomba mabadiliko, peleka jedwali jipya la gharama, na usishangae hakimu wa nje akilinganisha na maisha ya kwako: mahakama za Ujerumani, kwa mfano, hurekebisha viwango vyao kulingana na gharama za nchi anakoishi mtoto.

Sarafu nayo ina lake. Kwa sheria ya Uingereza ya 1972, amri ya shilingi hugeuzwa pauni kwa kiwango cha siku iliposajiliwa au kuthibitishwa, na inabaki hapo. Shilingi ikianguka baadaye, mtoto hapati hasara.

Mara amri ikishasajiliwa, mwambie baba alipe kwa njia ya mahakama. Akikutumia pembeni kwa M-Pesa, pokea, lakini andika tarehe na kiasi na uitaarifu mahakama. Mama anayekataa kukiri alichopokea hupoteza imani ya hakimu, na hapo hata malimbikizo ya kweli yanatiliwa shaka.

## Mtoto anakaribia miaka 18

Malimbikizo ya nyuma yanaendelea kudaiwa. Kinachokoma ni malipo mapya. Kenya, mahakama inaweza kuurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18, kwa mfano kwa sababu ya masomo au ulemavu. Ombi lipelekwe mapema, mtoto akiwa na miaka 17, likiwa na barua ya shule au chuo, kwa sababu amri mpya nayo itahitaji kuvuka mpaka kama ile ya kwanza.